Kutengeneza Lori Kuukuu kwa Gharama Ndogo

Hotuba kwa watu wa Ilemba, Bonde la Rukwa



Tumetakiwa kusema machache juu ya malori yaliyozeeka, na jinsi mwenye lori awezavyo kuondoa vipande vilivyolika na kutia vingine bila kumaliza fedha yake yote. Jambo hili si dogo kwa watu wa Ilemba. Mpunga na samaki wa bonde havimfaidii sana mwenyewe mpaka vifike sokoni, na baina ya bonde na mji wa Sumbawanga umesimama ukuta wa Lyamba lya Mfipa. Ziwa Rukwa liko kiasi cha mita 800 juu ya usawa wa bahari, na mji uko karibu mita 1,800. Lori lipandalo na kushuka kwa njia ya Muze na Ntendo lafanya kazi ya malori mawili ya nchi tambarare, na vyuma vyake hulika upesi.

Wala kujifanyia vyuma si jambo geni katika Ufipa. Wazee wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yaani tanuru za udongo zilizopita kimo cha mtu, ambazo zilijivutia upepo zenyewe bila mivuo. Na baada ya vita vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipoadimika nchini, malori mengi yalikaa juu ya mawe kwa kukosa vipuri, na mengi katika yale yaliyoendelea kutembea yalitembea kwa akili za mafundi tu.

Lakini akili za fundi zina mpaka. Kabla hujakitengeneza kipande chochote kwa mkono wako, jiulize: kikivunjika katika mteremko, gari litasimama au litakimbia? Kama litasimama, jaribu. Kama litakimbia, nunua kilicho halisi, hata ikiwa ni kuuza ng'ombe.

Na tuanze na bushi za springi, maana ndizo zilikazo kwanza katika njia zetu. Dalili zake ni gari kugongagonga katika mashimo na kuyumba upande. Ingiza mtalimbo baina ya sikio la springi na fremu, uinue kidogo. Ukiona pini yacheza, bushi imekwisha. Zuia magurudumu kwa mawe, inua kwa jeki, kisha weka magogo manene chini ya fremu. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Twalisema hili kwa nguvu, kwa kuwa jeki huteleza bila kuonya.

Pini ikitoka, bushi kuukuu aghalabu hukataa. Usiipige nyundo mpaka sikio la springi lipasuke. Pitisha ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya tundu, ukate bushi kwa urefu wake, nayo itajikunja na kutoka. Kuingiza mpya hakuhitaji mashine: chukua boliti ndefu, washa mbili nene, na kipande cha bomba ambacho tundu lake lapita unene wa bushi. Bushi ikae upande mmoja, bomba upande wa pili, boliti ipite katikati. Ukikaza nati, bushi yavutwa pole pole mpaka mahali pake.

Bushi yenyewe yaweza kukerezwa kwa shaba nyeusi au nailoni katika karakana yenye mashine ya kukerezea. Beba na pini yako, ili fundi apime kwayo. Wako watu watiao mpira wa tairi kila mahali. Mpira wafaa pale palipokuwa na mpira tangu mwanzo, kama vile chini ya kibanda cha dereva au penye kishikio cha bomba la moshi. Pini izungukayo katika grisi haitaki mpira. Utasagika kabla ya mavuno kwisha.

Gasketi za karatasi ni kazi ya nusu saa. Weka karatasi ngumu juu ya uso wa chuma, gonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka umbo lichoreke, kisha kata kwa makasi na kupaka grisi. Ile ya kichwa cha injini iacheni, hiyo hununuliwa.

Jani la springi likivunjika, wengi hulipeleka kwa mhunzi aliunge kwa moto. Mhunzi si wa kulaumiwa, bali chuma cha springi kikishapata moto ule hupoteza ugumu wake, na hukatika tena kando ya kiungo. Ni heri kutafuta jani la unene na upana ule ule katika lori lililokufa, na kulikata likiwa baridi. Lile lililovunjika mpeni mhunzi afue mapanga.

Sasa breki. Kubadili lainingi zilizofungwa kwa riveti mwenyewe aweza, ila lainingi zenyewe ziwe za dukani. Toboa riveti kuukuu kwa keekee, anza kufunga mpya katikati ukielekea ncha mbili, na kila kichwa cha riveti kizame chini ya uso wa lainingi, la sivyo kitachimba ngoma. Badili magurudumu yote mawili ya ekseli moja, hata kama moja lingali zima, maana breki ishikayo upande mmoja hulivuta gari kwenye genge. Vumbi la lainingi za zamani lisipulizwe kwa kinywa. Mengi yana asibestosi, nayo huharibu mapafu. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Mipira ya breki, hozi zake, na viungo vya usukani, hivyo visitengenezwe nyumbani kabisa. Tena maji ya breki yakipungua, msitie maji ya sabuni wala oili ya injini. Oili huivimbisha mipira ile, na maji ya sabuni huchemka breki zikipata moto. Kanyagio huzama mpaka chini na gari haliitikii. Juu ya magunia ya mpunga huketi akina mama na watoto waendao mjini, na wao hawajui ni nini kilichotiwa katika kikopo kile.

Baada ya kazi ya springi, pakieni lori, liende mwendo mfupi katika tambarare, kisha lisimamishwe na boliti zishikazo springi na ekseli zikazwe tena, kwa sababu majani hukaa vizuri chini ya mzigo na nati hulegea. Lifanyeni hilo mkiwa bado bondeni, kabla hamjaanza kupanda.