KUWAFUNZA WATOTO KUITA MSAADA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wazee na waalimu, Babati)



Nataka kusema machache juu ya jambo moja: kumfunza mtoto aitambue hatari, na aite watu kabla mambo hayajaharibika. Sisi watu wa Babati yatupasa kulitia moyoni. Ziwa letu lina viboko, na mara nyingi watoto ndio wanaotumwa kunywesha ng'ombe. Mwaka 1990 ziwa hilo lilifurika hata maji yakaingia mjini. Tena asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, 2023, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh, wakafa watu zaidi ya 80 katika mkoa wetu huu wa Manyara.

Wazee wetu walikuwa na yowe. Aliyelisikia aliacha jembe, akashika fimbo, akakimbilia sauti. Desturi hiyo ni njema, wala isiachwe. Lakini sasa twaweza kuita kwa simu hata mtu aliye mbali, naye hatuoni, wala hakijui kisima chetu. Kwa hiyo sauti peke yake haitoshi. Yatakiwa na maneno.

Kwanza, mtoto ajue dalili. Mtu asiyeitika akiitwa, mtu ashindwaye kupumua, damu isiyokoma, aliyeumwa na nyoka, moshi utokao nyumbani, mto uliogeuka tope kwa ghafula, au mngurumo utokao mlimani. Akiona mto au mlima hivyo, aondoke bondeni kwanza, kisha aite. Na ajue ya kuwa mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele, kwa sababu hana pumzi ya kupigia.

Pili, asijitose majini wala asiingie motoni. Wengi wamezama wakimfuata mwenzao. Apige yowe, anyoshe fito, au atupe kamba au dumu tupu lililofungwa kamba.

Tatu, aseme vizuri. Aanze na mahali, maana simu ikikatika, mahali patakuwa pamekwisha julikana. Ataje kijiji, kitongoji, na alama iliyo karibu: shule, msikiti, kanisa, daraja au mashine ya kusaga. Kisha aseme ni jambo gani, na watu wangapi wamepatikana nalo. Asikate simu mpaka aambiwe. Nambari 112 ni ya polisi. 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. 116 ni ya mtoto anayeonewa au kuteswa. Nanyi waalimu, wafanyizeni mazoezi darasani: mmoja aite, mwingine apokee akiwa amegeukia ukuta, kisha aeleze njia aliyoisikia. Akishindwa, aliyeita arudie.

Lakini, wazee wangu, mafundisho yote haya ni bure ikiwa mtoto anatuogopa sisi kuliko hatari yenyewe. Vijana wakienda kuoga mahali palipokatazwa, mmoja akazama, wenziwe huweza kurudi nyumbani kimya. Mtoto akichoma mahindi na moto ukashika zizi, hujificha porini. Hawakukosa akili, waliikumbuka fimbo. Na dakika zile za kujificha ndizo zilizokuwa za kuokoa. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Basi na tupatane hivi: mtoto aliyeita msaada hapigwi kwa sababu ya habari aliyoileta. Kosa lake litazungumzwa baadaye, kwa upole, mambo yakiisha tulia. Hata tukifika tukaona ni jambo dogo, tumshukuru, maana tukimcheka leo, kesho atanyamaza. Ila apigaye simu kwa mzaha aonywe, kwa kuwa humzuilia njia mwenye shida ya kweli.

Jioni ya leo kila mwenye nyumba amwulize mtoto wake, "Nikianguka hapa nisiweze kusema, utamwita nani, na utamwambia tuko wapi?" Asipojua la kujibu, amfunze usiku huo huo, asingoje kesho.