Somo la Kumi na Mbili: Karatasi ya Kazi

Natumaini kila mmoja ana daftari na kalamu yake.

Leo tutazungumza juu ya umaskini wa mtu mwenye kazi. Pengine mtashangaa. Lakini yuko mtu aamkaye alfajiri, akafanya kazi mpaka jua kuchwa, na mwisho wa mwezi bado hukopa unga dukani. Kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu saa zake hazikuhesabiwa.

Tuhesabu pamoja. Tanzania Bara ina Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa mwaka 2004. Yasema kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Kila saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu. Tuseme mtu hulipwa shilingi 1,000 kwa saa, naye amefanya kazi saa 54. Saa za ziada ni 9, na kila moja ni shilingi 1,500. Andikeni: 9 mara 1,500 ni 13,500. Kwa majuma manne ni shilingi 54,000. Fedha hizo ni unga, ni dawa, ni madaftari ya watoto. Asipolipwa, amepunjwa haki yake.

Atajuaje? Sheria yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri sharti ahakikishe ameelezwa mpaka aelewe. Basi usione haya kusema, "Bwana, tafadhali nisomee tena." Usitie kidole gumba juu ya jambo usilolijua. Na likizuka shauri, mwajiri akikosa kuonyesha maandishi hayo, ni juu yake kuthibitisha kwamba masharti hayakuwa kama mfanyakazi asemavyo.

Msipopatana, peleka shauri lako kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe. Anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30. Madai mengine yana siku 60.

Sheria ni kama jembe: likitundikwa ukutani halilimi. Wewe uliyejifunza kusoma sasa waweza kulishika.

Kazi ya nyumbani: kila siku andika saa uliyoingia kazini na saa uliyotoka. Juma lijalo tutazijumlisha pamoja darasani. Kwaherini.