Mashine ya Kudarizi: Hesabuni Mishono Kwanza
(Maneno tuliyowaambia wanachama washonaji)



Wengi wenu mmetuuliza kama yafaa watu watatu wanne kukopa pamoja katika Sacco, wanunue mashine ya kudarizi. Twasema yafaa, lakini hesabuni mishono kwanza. Nembo ya sweta ya shule yenye mishono 8,000, kwa mashine ipigayo mishono 800 kwa dakika, ni dakika 10. Basi kwa saa moja hamtafikisha hata sita, maana kuna kubadili fremu, na uzi hukatika. Stima ikipotea, je? Nembo ndogo iliyojaa uzi hula wakati kuliko kubwa yenye herufi chache, kwa hiyo msitaje bei kwa kutazama ukubwa.

Kazi zipo: nembo kabla shule hazijafunguliwa Januari, majina kwenye ovaroli, sare za kwaya. Kofia za mkono za Lamu msishindane nazo. Wanunuzi wake ni wengine.

Tena, aketiye kwenye mashine alipwe mshahara wake kwanza, hata akiwa mmoja wa wenye mashine, ndipo faida igawanywe. Kabla ya kutia sahihi mkopo, leteni hesabu yenu ofisini tuitazame pamoja.