Chai ya Wamoroko

Moroko ni nchi iliyo pembeni mwa Afrika, kaskazini-magharibi.

Mgeni aingiapo nyumbani kwa Mmoroko hakawii kuletewa sinia lenye birika na bilauri ndogo. Chai ya kijani itokayo Uchina husuuzwa kwa maji ya moto, kisha hutiwa fungu la nanaa na sukari tele (kwa ulimi wetu, tele mno!). Mwenye kuandaa hujaza bilauri ya kwanza, akairudisha birikani ili utamu uchanganyike. Huonja, ndipo humimina kutoka juu hata povu lifanyike. Ada ni bilauri tatu, na kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima.

Wengi hudhani desturi hii ni ya tangu kale. Sivyo. Hapo zamani chai ilikuwa kinywaji cha wafalme na matajiri. Ilienea hasa baada ya vita vya Crimea, 1853 hata 1856, ambapo wafanya biashara Waingereza, masoko yao mengine yakiwa yamezibwa, walishusha shehena zao Tanger na Mogador, mji uitwao sasa Essaouira.

Basi gharama ikamfikia na maskini, maana hapendi mgeni anywe chai isiyo tamu. Lakini jirani nao wana ada yao: penye arusi au msiba huja na bonge jeupe la sukari, lililochongoka mfano wa pia, wakamkabidhi mwenye nyumba. Mfiwa hulivunja kwa nyundo ndogo, akawatilia chai hao hao waliolileta.