Washa Taa Kwanza

Tunaozungumza nanyi jioni hii tu wawili, bwana na bibi wa nyumba moja hapa Changamwe.

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, mnakijua kisa cha mama aliyepotewa na shilingi moja kati ya kumi. Angalieni alivyofanya. Hakuketi kujilaumu kwa uzembe wake. Aliwasha taa kwanza, ndipo akashika ufagio.

Nyumbani kwetu tulifagia gizani miaka mingi. Mmoja wetu, na hatutasema ni yupi, hupoteza vitu: funguo, kitambulisho, risiti. Huanza kazi tano asimalize hata moja. Pesa za kodi ya nyumba zimo mfukoni, na tarehe yapita asikumbuke kulipa. Ukimsimulia jambo, macho yako kwako, lakini mawazo yamekwisha kuvuka Makupa. Wala si mvivu, maana akipata kazi anayoipenda hukesha nayo hadi alfajiri.

Siku moja ilikuwa zamu yake kumpokea mtoto wetu pale Magongo. Njiani alisimama kumsaidia jirani, kisha likaingia jambo la pili, na la tatu. Magharibi ilipofika, mtoto alikuwa angali akingoja, akilindwa na mama muuza viazi karai. Usiku ule tulisemana kwa ukali. Mmoja wetu alilia akisema, "Nina kasoro gani mimi? Nimeomba, nimefunga, kila Mwaka Mpya naahidi." Mwenzake akajibu, "Ungetaka, ungeweza." Neno hilo halikuwa kweli, nalo liliumiza.

Baadaye mwalimu alituita kwa sababu ya mtoto huyo huyo: hatulii darasani, wala hamalizi kazi. Tukampeleka kwa daktari. Daktari aliuliza habari za mtoto, na kwa kila swali mmoja wetu alizidi kuinamisha kichwa. Maswali yalikuwa yakimweleza yeye. Na kweli hali hii mara nyingi hurithiwa katika jamaa.

Madaktari huiita kwa herufi nne, ADHD. Ni hali ya ubongo ambayo humfanya mtu ashindwe kutuliza fikira, au asitulie mwili, au atende kabla ya kufikiri. Mwaka 1902, kule London, daktari George Still aliwaeleza wenzake juu ya watoto wa namna hii. Aliona kwamba akili zao ni nzima, lakini hata yeye aliiita hali yao upungufu wa kujitawala kimaadili. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliiita upungufu wa umakini, na mwaka 1987 ikapata jina la sasa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ya watoto tu. Leo yajulikana kwamba wengi hukua nayo hadi utu uzima.

Basi wapendwa, ikiwa msikilizaji mmoja amejiona katika maneno haya, asikimbilie kujipa jina. Sote husahau. Asiyelala vizuri kwa sababu ya kazi ya usiku, mwenye msiba, mwenye hofu nyingi, na mwenye kunywa pombe, wote fikira zao huweza kutawanyika. Na ajiulize maswali matatu. Je, nilikuwa hivi tangu utoto, kabla ya miaka 12? Je, ni hivi nyumbani na kazini pia, au mahali pamoja tu? Je, yavunja kitu: kazi yangu, ndoa yangu, usalama wa watoto wangu? Kama ni hivyo tangu zamani, lakini amepata njia zake na hakuna kinachoharibika, si lazima aende popote. Lakini kama kuna mtoto anayengoja barabarani gizani, ni vema aende.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kuonyesha hali hii. Daktari atauliza na kusikiliza, naye hupenda kusikia pia kwa mtu aliyekujua utotoni. Zipo dawa, yapo mashauri, na zipo njia za kupanga siku. Lakini dawa hizo si za kuazimana, kwa kuwa nyingine huongeza mapigo ya moyo. Hapa hapa kwetu hospitali ya Port Reitz ina huduma ya afya ya akili. Twaijua hofu yenu, kwamba majirani watasema, "Amekwisha kuwa mtu wa Mathari." Sisi nasi tuliiogopa miezi mingi. Lakini Luka mwenyewe, aliyetuandikia habari ya ile shilingi, alikuwa tabibu, na Paulo hakuona haya kumwita mpendwa.

Mmoja wetu alikwenda, na mwenzake alikwenda naye. Hatuleti ushuhuda wa muujiza. Funguo bado hupotea. Lakini sasa zina msumari wake mlangoni, kodi hulipwa siku ile ile ya mshahara, na zamu ya kumpokea mtoto imekwenda kwa mwingine. Aliyekosa aliomba radhi kwa mtoto, maana jina la ugonjwa halifuti kosa. Na aliyesema "ungetaka, ungeweza" aliomba radhi pia.

Taa haifagii nyumba, wapendwa. Ufagio ungali mkononi mwetu. Ila sasa twaona tunapofagia.

Tuombe. Ee Bwana, unayetujua kuliko tunavyojijua, utupe ujasiri wa kuangalia, na upole kwa yule anayeangaliwa. Amina.

Kwaherini, na Mungu awabariki.