Maji ya Mvua na Afya Yetu



Huku visiwani Lamu, ambako visima vingi hutoa maji ya chumvi, wazee wetu walijenga majabia ili kuhifadhi mvua. Urithi huo ni mwema. Lakini mvua ishukayo safi hupita juu ya paa lenye vinyesi vya ndege na mijusi. Weupe wa maji si dalili ya usalama, na aumiaye kwanza ni mtoto mdogo.

Kwa hiyo, maji ya kwanza ya mvua na yamwagwe, yasiingie birikani. Yaliyohifadhiwa yapelekwe kupimwa: katika mililita 100 kisionekane hata kijidudu kimoja cha kinyesi. Yakiwa na tope yachujwe kwanza, maana tope hudhoofisha dawa. Kisha yatiwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa chomboni, yangojewe nusu saa. Au yachemshwe hata yatokote barabara.

Chama chetu husaidia wanachama kwa mabati na saruji. Naomba kitenge pia fedha za kupima maji, kwani birika lisilopimwa ni deni litakalolipwa na watoto wetu.