Springi za Mlango wa Gereji
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo twataka kusema juu ya kazi ambayo haikuandikwa katika mapatano ya mtu yeyote hapa, lakini wengi wetu twaamriwa kuifanya. Springi ya mlango wa gereji imekatika nyumbani kwa tajiri, motokaa imefungiwa ndani, na bawabu au dereva aitwa: "Chukua bisibisi, panda ngazi, ulegeze zile skrubu."

Mlango ule unaopanda na kulala chini ya dari, ukiwa wa motokaa mbili, waweza kuwa na uzito wa kilo 70 na zaidi. Mtu auinua kwa mkono mmoja kwa sababu springi iliyo juu yake imesokotwa mpaka nguvu yake imelingana na uzito huo. Springi ya kawaida hutengenezwa iweze kufungua na kufunga mara 10,000 hivi. Mlango ukitumika mara 4 kwa siku, hiyo ni kama miaka 7. Basi kukatika si ajabu, na asikatwe bawabu mshahara kwa ajili yake.

Mara nyingi springi ni mbili juu ya chuma kimoja. Moja ikikatika, ya pili ingali imesokotwa na nguvu zake zote. Ukilegeza skrubu bila kuishika kwanza, kile kichwa chenye matundu huzunguka ghafula, na bisibisi yako hugeuka rungu. Hapo ndipo meno na vidole huenda.

Fundi anayejua kazi hufanya hivi. Kama kuna mota, huikatia stima. Huuacha mlango chini na kuubana kwenye reli usiruke. Hutumia fimbo mbili za chuma zinazoenea sawasawa katika matundu, akazisukuma mpaka mwisho. Husimama kando, si mbele ya springi. Fimbo moja hushika, ya pili huingizwa, naye hugeuza robo moja tu kila mara. Ile ya kwanza haitoki mpaka ya pili imekaa imara. Mlango wa futi 7 kwenda juu wataka robo 30 hivi, na katika hizo zote hakuna hata moja ya kufanywa kwa haraka. Springi mpya hupimwa unene wa waya, upana wa ndani, urefu na upande iliosokotwa. Zote mbili hubadilishwa pamoja, kwani ile iliyobaki ni mzee kama mwenzake.

Asiyefundishwa asiguse. Hatusemi hivi kwa uvivu, kama matajiri wengine wapendavyo kudhani. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yahusu kila mahali mtu anapofanya kazi. Ukiona hatari kubwa, wajibu wako ni kumwambia anayekusimamia, naye hana ruhusa kukurudisha katika hatari hiyo kabla haijaondolewa. Mwambie kwa adabu: "Bwana, kazi hii yataka fundi wake na vyombo vyake."

Na atakayeumia amwambie tajiri siku ile ile, mbele ya shahidi. Kwa sheria ya fidia ya mwaka 2007, tajiri akiisha kuambiwa ana siku 7 za kupeleka habari kwa Mkurugenzi wa serikali. Kisha aje kwa katibu wa tawi na karatasi ya daktari.